Mamba Hawana Kasoro

Kwetu Luanshya timu ngeni haianzi kucheza kabla haijaimbwa. Mama Besa huitungia wimbo mmoja tu, wa kutaja kasoro yake, na sisi mashabiki wa Nyundo tunauimba tangu lango la uwanja linapofunguliwa. Kwa miaka tisa hajakosa. Ndiyo maana ngoma kubwa ya jukwaani hulala nyumbani kwake.

Wiki ile tulikuwa tunawasubiri Mamba wa Kafue. Mechi kumi na nne, hawajapoteza hata moja. Alhamisi jioni tulikaa barazani kwa Mama Besa, yeye akikata vipande vya chikanda, ule mkate wa mizizi na karanga anaouza, mimi nikiwa na daftari langu. Mimi ni fundi viatu. Timu ngeni ikicheza jirani nakwenda kuitazama na kuandika ninachokiona, bila kuongeza chumvi.

Kabaso, mchomeleaji anayeongoza kundi la tarumbeta, alikuwa anatabasamu tangu alipofika.

"Mama, makubaliano unayakumbuka. Siku ukikosa wimbo, ngoma inahamia kwetu."

"Kalia hiyo ndoo unyamaze. Chishimba, soma. Anza na kipa."

"Kipa," nikasoma. "Ana mikono mirefu."

"Mirefu kiasi gani?"

"Akijinyoosha anasalimiana na watu wa Ndola," akadakia Kabaso.

"Beki wa kulia. Mguu mmoja mfupi kidogo."

"Hapo hapo!" Mama Besa akainua kisu. "Huyo tunaye!"

"Ndio mguu aliotufungia bao mwaka jana," nikasema. "Ule mfupi."

Kabaso alicheka mpaka akaanguka na ndoo yake.

"Kocha je?"

"Mpole. Alimwomba refa radhi."

"Mungu wangu! Basi lao?"

"Jipya."

Tulicheka wote, kile kicheko cha watu wanaoona mvua inakuja na nguo ziko kambani. Mama Besa peke yake hakucheka. Alikuwa anaifuta ngoma vumbi kwa ncha ya kitenge, taratibu, na haikuwa na vumbi. Nilitamani kumzulia kasoro moja. Nikashindwa, daftari lilikuwa wazi mbele yangu.

"Nahodha?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Jere. Kiungo. Kasoro, sijaona."

Mzee Zimba, aliyestaafu kuendesha lifti ya mgodi, akaacha kutafuna. "Jere? Huyo Mngoni mwenzangu."

Mama Besa akamgeukia polepole. Yeye ni Mbemba. Wabemba na Wangoni ni watani, na kumsema mtani hakuhitaji kasoro wala ushahidi.

"Zimba! Muda wote huu umekaa kimya?"

"Nilikuwa nakula. Na ungeanza na mimi."

"Mla panya mkubwa!"

"Si bora panya, mla nyani wewe? Lakini sikia, mtani. Ukimwimba, ana haki ya kuja kuchukua chako chochote, na ruhusa ya kununa huna."

"Aje! Atachukua nini, chikanda?"

Kabla chai haijapoa wimbo ulikuwa tayari: *Jere, Jere, umefuata nini huku? Panya wa Luanshya tumewaficha, rudi Kafue na njaa yako.*

Jumamosi tuliuimba mpaka mabati yakatetemeka. Jere alikuwa anapasha misuli. Akasimama, akashika kiuno, akasikiliza beti zote. Kisha akaruka uzio.

"Nani kanisema?"

"Mimi hapa, mla panya!"

"Shikamoo, mama. Nyani wa nyumbani hawajambo?"

Jukwaa likalipuka. Jere akachukua kipande cha chikanda, akala, akajifuta mdomo. Halafu akainua ngoma, akajitwika kichwani, akaondoka nayo.

"Ngoma yetu!" Kabaso akaruka. Mzee Zimba akamdaka shati.

"Kaa chini. Ni haki yake."

Sote tulimtazama Mama Besa. Macho yake yalikuwa na maji. Ya kicheko au ya kilio, sikuandika.

"Mnaniangalia nini? Nani amenuna hapa?" Akapiga makofi, akauanza wimbo upya kwa viganja vitupu.

Jere aliiweka ngoma kwenye benchi la wachezaji wa akiba. Watu wale hawakuwa na kazi. Mmoja akaigusa kwa kidole. Wa pili akagonga. Dakika ya ishirini benchi zima la Mamba lilikuwa linatupigia ngoma yetu, sisi tunamsema nahodha wao, na kocha wao mpole amejifunika uso kwa kofia, mabega yanamruka.

Tulitoka sare, bao moja kwa moja.

Nje, basi jipya lilikuwa linaondoka, ngoma imekaa kiti cha mbele kama abiria. Jere akatoa kichwa dirishani. "Mtaikuta kwetu mkija! Mje na wimbo mwingine!"

"Kabaso," akasema Mama Besa, "nimekosa wimbo?"

"Hujakosa, mama."

"Basi ngoma ni yangu, hata ikienda kutembea."

Nikafungua daftari. Penye jina la Jere nikafuta "sijaona", nikaandika: mwizi wa ngoma.