Mashine Ikiwaka, Sauti Sifuri

Kila asubuhi, kabla wazee hawajafika, Tunu alifagia ukumbi wa Baraza la Suluhu, akafuta vumbi la kompyuta kwa kanga kuukuu, kisha akaiwasha. Ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtumba, imewekewa mfumo wa Linux kwa kuwa Linux hainunuliwi, na kazi yake ilikuwa kurekodi mashauri. Ila yake ilikuwa moja: kila ilipowaka, kadi ya sauti ilianzia sifuri. Na sauti ya mashine ikiwa sifuri, watu walioketi kwenye benchi mbele yake nao hawakuwa na sauti. Midomo ilicheza, mishipa ya shingo ikasimama, basi. Wazee waliokaa nyuma ya mashine walisikika vizuri, wengine kupita kiasi.

Tabora ilishazoea. Walioitwa waliingia, wakamwamkia mwenyekiti, Mzee Majidi, kwa shikamoo isiyosikika, naye akaitikia "marahaba" kwa kutazama midomo tu. Hakuwahi kukosea.

Mzee Majidi alikuwa ameozesha nusu ya mji, na desturi ya ndoa aliihamishia barazani: bibi harusi akiulizwa akanyamaza, ameridhia. Basi na wa kwenye benchi akiulizwa akanyamaza, ameridhia. Tena alikataza mashine isiguswe kikao kikiendelea; adabu ya baraza, alisema. Tunu alipandisha sauti wazee wakishaondoka, apate kusikiliza taarabu yake.

Bi Sikuzani wa Kwihara aliitwa Alhamisi. Mumewe, Mfaume, alikuwa amezikwa pembeni mwa shamba lao la karanga, na shemeji yake Uwesu alitaka kuliuza. Shamba hilo ndilo lililomlisha, na hakuwa na jingine. Jumatano alimwendea Zuwena, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stesheni.

"Mwanangu, kesho wataniuliza. Nataka nisikike."

"Utasikika, mama. Twende."

Tunu aliwafungulia. Zuwena akapandisha sauti, akaiamuru mashine ihifadhi kipimo hicho, akaizima na kuiwasha. Sifuri. Alirudia, sifuri tena. Ilibidi aizime kabisa ndipo apate kueleza, kwani naye alikuwa mbele yake.

"Kadi inakumbuka, mama. Shida, deski, yaani ule uso wa kioo, ikishafunguka kuna programu nyingine ya sauti inakuja kuishusha. Huyu anapanga, yule anapangua. Tumwache amalize, ndipo tupandishe."

Akaiwasha, na katika orodha ya vitu vinavyoanza pamoja na deski akaongeza agizo: ngoja sekunde kumi, kisha pandisha sauti mpaka mwisho. Kumi, kwa sababu mashine ilikuwa nzee. Akaizima, akaiwasha upya. Deski ilifunguka, wakabaki wanatazamana mabubu. Kisha sauti ya Bi Sikuzani ikatokea katikati ya neno, naye alikuwa akimwita Mfaume. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaenda zake.

Alhamisi alisikika. Alisema jina lake, akasema la marehemu, akaanza kueleza shamba lilivyofyekwa. Mzee Majidi alitikisa kichwa kwa heshima. Uwesu, aliyekaa upande wa wazee kama mgeni wao, alianza kuchezea kofia yake. Ndipo umeme ukakatika.

Mashine ikizimika kila mtu ana sauti yake, ila maneno ya wakati huo hayahesabiki, kwa kuwa hayarekodiwi. Bi Sikuzani hakujali. Aliyasema yote.

"Shamba siuzi, mzee wangu. Mume wangu yumo mle. Mkiliuza nitalima wapi, nitakula nini?"

"Pole sana, mama," akasema Mzee Majidi, na alisema kwa moyo kabisa.

Umeme ukarudi. Mashine ikajiwasha yenyewe. Kwa kawaida Mzee Majidi angefuta miwani yake kwanza. Siku hiyo hakuifuta. Deski ilipofunguka tu akauliza:

"Sikuzani binti Rashidi, unaridhia shamba liuzwe?"

Bi Sikuzani akasimama. Midomo yake ikasema siridhii. Mlangoni Zuwena alikuwa akihesabu sekunde kwa vidole. Mzee Majidi aliitazama midomo ile kama alivyozitazama shikamoo zote. Bi Sikuzani akasema tena, akijipiga kifua, na kifua nacho hakikutoa mlio.

"Amenyamaza," akasema Mzee Majidi. "Ameridhia."

Akagonga muhuri. Uwesu akavaa kofia.

"Siridhii!"

Sauti ilikuja yote kwa pamoja. Vioo vya madirisha vilitikisika, na waendesha bodaboda barabarani wakageuka kutazama nani kaitwa. Mzee Majidi alingoja mpaka ikatulia.

"Tumekusikia, mama," akasema. "Ila umechelewa."

Siku hizi Bi Sikuzani anaomba ruhusa kwa mwenye shamba mpya anapotaka kwenda kumsomea mumewe dua. Zuwena alirudi barazani akapunguza kungoja mpaka sekunde tatu. Chini ya hapo mashine haiwezi. Wa kwenye benchi wanashukuru, wanasema ni nafuu kubwa. Na Mzee Majidi amejifunza kuuliza upesi.