Kila Saa Sita

Ilikuwa mwaka 1991, mwanzoni mwa majira ya mvua kubwa, wakati maji ya vyoo yalipoingia visimani na homa ya matumbo ikapita nyumba hata nyumba. Katika kituo cha utafiti nyuma ya hospitali, dawa mpya ya homa hiyo ilikuwa ikijaribiwa. Wagonjwa thelathini na mmoja walikuwa wamekubali kuimeza nyumbani kwao kwa siku kumi. Kila mmoja alipewa chupa yenye vidonge arobaini, pamoja na kadi ya maelekezo.

Kadi hizo zilipigwa chapa na karani wa kituo. Wenzake walimwita Nukta, kwa kuwa hapakuwa na barua iliyopita mezani pake bila kuongezewa nukta au kupunguziwa neno. Jina hilo halikumuudhi. Kwa kweli, lilimpendeza.

Asubuhi ya Alhamisi, daktari mkuu aliwakusanya wafanyakazi wote sita katika chumba cha mikutano, akaweka chupa tatu juu ya meza. Zilikuwa za wagonjwa watatu wa kwanza kumaliza siku zao kumi. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba vijidudu vilikuwa bado hai ndani ya wote watatu, na mmoja wao, fundi cherehani, alikuwa amelazwa wodini, tumbo likivuja damu.

"Muuguzi, hesabu," alisema daktari.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, ambaye ndiye aliyezunguka mitaani kwa miguu kuwatembelea wagonjwa. Alimimina vidonge sahanini, akavisogeza kwa kijiko kimoja kimoja. Ishirini. Chupa ya pili, ishirini. Ya tatu, ishirini.

"Nusu ya dawa imelala chupani," alisema daktari. "Nalo daftari lako linasema hawakukosa hata siku moja. Mwongo ni nani? Wao au wewe?"

"Daktari, watu watatu wasiojuana hawawezi kusahau kwa hesabu moja. Hapa pana jambo."

"Jambo lenyewe ni kwamba hukuwaeleza."

"Nimewasomea kadi neno kwa neno, kama kanuni za utafiti zinavyotaka. Si ninyi mliotukataza kuongeza letu?"

"Kesho saa tatu wakaguzi wanakuja kuamua kama dawa hii iendelee kujaribiwa au itupwe. Niwaambie nini? Kwamba nimeajiri kasuku?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Daktari alimwamuru muuguzi aandike maelezo ya kosa lake, ayasome kesho asubuhi mbele ya wenzake, kisha akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Nukta, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, aliandika hayo yote kwa mwandiko safi, wala hakuinua uso.

Moyo wake ulikuwa kwingine. Mgonjwa wa ishirini na mbili alikuwa mama mkwe wake. Homa yake ilishuka siku ya tatu, lakini siku ya tano ilianza kupanda tena, na leo ilikuwa siku ya sita. Mkewe alikwisha kuhamia nyumbani kwa mama yake kumuuguza. Kwa hiyo, kikao kilipoisha, Nukta aliomba ruhusa, akaenda.

Alimkuta mama mkwe ameegemea mto, midomo imepauka, redio ndogo iko kando ya kitanda. Mkewe alikuwa akikamua kitambaa katika beseni.

"Thelathini na tisa na nusu," mkewe alimnong'oneza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usinisogelee sana. Kuugua ni kwangu, uoga ni wenu, tugawane hivyo hivyo." Mama mkwe alikuwa amefundisha darasa la nne kwa miaka thelathini, na hata homani sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshika chaki.

Redio ilitangaza saa sita kamili za mchana. Papo hapo mama mkwe alinyoosha mkono, binti yake akampa kidonge kimoja na bilauri ya maji, akameza.

"Nyinyi wa kituoni muandike vizuri," alisema. "Sijapitisha hata saa moja. Hiki cha sasa, na kingine saa sita ya usiku."

"Na vile vya katikati, mama?"

"Katikati ya nini?"

"Cha saa kumi na mbili ya asubuhi, na cha saa kumi na mbili ya jioni."

"Kadi inasema 'kila saa sita'. Saa sita huja mara mbili, mchana na usiku. Labda wenzetu wenye elimu mnayo ya tatu."

Mkewe alicheka. Nukta hakucheka. Alichukua kadi iliyokuwa chini ya chupa, akasoma maneno aliyoyapiga chapa kwa mikono yake: *Meza kidonge kimoja kila saa sita.*

Rasimu ya kadi hiyo iliandikwa na muuguzi. Yeye aliandika: *kila baada ya saa sita, yaani mara nne kwa siku, usiku na mchana.* Sentensi ilipita ukingo wa kadi, naye Nukta akaikata. Muuguzi alipinga. "Dada, kadi si gazeti," alimjibu siku ile. "Sita mara nne ni ishirini na nne. Mgonjwa anajua kuhesabu. Kurudia jambo ni kutia maji katika maziwa." Wenzao walicheka, kadi ikapigwa chapa hivyo hivyo.

"Kadi ilikosewa, mama," alisema sasa.

"Ilikosewa na nani?"

"Huko kazini."

"Kazini si mtu."

Mvua ilipiga bati. Nukta alihesabu moyoni: watatu wamekwisha kumaliza, wamebaki ishirini na wanane, na kila mmoja anameza nusu ya dawa, huku vijidudu vikipata nafasi ya kupumua na kujipanga upya. Angeweza kumwambia mkewe ampe mama kidonge cha jioni, akafunga mdomo. Angeweza kurudufu kadi nyingine na kuzipenyeza kidogo kidogo mitaani, pasipo mtu kujua. Lakini kadi haikutoka bila saini ya daktari, na mzunguko wa kuzipenyeza ungechukua siku tatu. Katika siku tatu tumbo la mtu huweza kutoboka.

"Nimekosea mimi," alisema.

Mkewe aliacha kukamua kitambaa. Mama mkwe alimgeukia, macho yakimetameta kwa homa.

"Basi unafanya nini hapa? Mimi nina mwanangu wa kunitazama. Hao wengine wana nani?"

Alikimbia. Viatu vilijaa maji kabla hajafika barabarani. Alimkuta muuguzi kwenye benchi la ukumbi wa kituo, karatasi iko magotini, ameandika mstari mmoja tu.

"Dada, acha kuandika."

"Niache, nawe utaniandikia?"

Alimweleza kwa pumzi moja. Muuguzi alisikiliza bila kupepesa macho.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia."

"Ukanifundisha kuzidisha mbele ya watu."

"Nilikufundisha."

"Nitakugombeza, tena sana, lakini si sasa. Sasa ni saa saba, na saa kumi na mbili haingoji mtu. Daktari yuko maabara. Twende."

Daktari alisoma rasimu waliyomletea kutoka jaladani, akasoma kadi, akarudia rasimu. Hakusema neno juu ya kasuku. Alitia saini agizo jipya, akaagiza wagonjwa wote wafikiwe kabla ya jioni, na kila aliyepandwa na homa upya aletwe wodini siku iyo hiyo.

Wote sita waligawana mitaa. Nukta na muuguzi walipewa ng'ambo ya bonde, ambako njia zilikuwa tope tupu. Katika kila nyumba waliulizwa swali lile lile.

"Kwani tumekosea, sista?"

"Hamkukosea," Nukta alitangulia kujibu. "Kadi niliipiga mimi, na kosa ni langu."

Mzee mmoja alimtupia chupa kifuani. "Siku nane nahesabu saa kama mlinzi wa benki, kumbe nalinda hewa!" Bibi mwingine alimshika mkono, akamwuliza kama atapona, naye Nukta akamwonyesha saa ya kumeza kidonge cha jioni. Saa kumi na mbili kasorobo walikuwa wamebakiwa na nyumba moja, na mlango wake ulikuwa umefungwa. Muuguzi alibisha kwa ngumi. Kwa muda hakuna aliyeitika. Kisha kikohozi kikasikika ndani, na wote wawili wakashusha pumzi.

Wanne walilazwa jioni hiyo, mmoja wao mama mkwe.

Ijumaa, saa mbili ya asubuhi, Nukta alipita wodini kwanza. Kipimajoto kilionyesha thelathini na tisa. Nusu digrii imeshuka, lakini hakuna aliyethubutu kufurahi. Fundi cherehani alikuwa amepasuliwa alfajiri, na bado hajazinduka.

Daktari alimsubiri mlangoni mwa chumba cha mikutano.

"Wakaguzi nimezungumza nao kwa simu," alisema kwa sauti ya chini. "Watatuacha tuanze upya. Katika ripoti tutaandika 'hitilafu ya uchapaji', yatosha. Muuguzi nimemwambia hana haja ya kusoma chochote. Tuyamalize kimyakimya."

"Alitukanwa kwa sauti, Daktari."

Daktari aliangalia saa yake, akampisha.

Wenzake wanne walikuwa wamekwisha kukaa. Muuguzi alikuwa mwishoni mwa meza, mikono juu ya mkoba, hana uhakika kama ameitwa au amevumiliwa. Nukta hakukaa mahali pake pa kuandikia. Alisimama pale alipokuwa amesimamishwa muuguzi jana, akakunjua karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Aliiweka juu ya meza, akaisoma akiwa ameinama.

Alisoma kwamba muuguzi aliandika maelekezo sahihi. Kwamba alionya, naye akamcheka mbele ya watu. Kwamba vidonge sitini vilivyohesabiwa mezani hapo ni vyake yeye, karani, wala si vya mwingine. Alipofika mwisho aliona mtu wa pembeni hakusikia vizuri, akarudia maneno yote tangu mwanzo.