Mizinga ya Kando ya Seng'enge

Nyuki wa mkewe walikuwa wanakufa, na aliyekuwa akiwaua ni yeye, mume.

Mkewe hakujua bado. Asubuhi ile alikuwa ameuinamia mzinga, mfuniko mkononi. Akaugonga kwa kidole. Ukalia kama debe tupu.

"Baba watoto, njoo uone. Hawa nao wamekwisha."

Alikuja na mabuti yake mguuni. Chini ya mzinga nyuki walikuwa wamelala chali, wengine wakijizungusha palepale kama walevi.

"Labda siafu," alisema.

"Siafu gani wanaua halafu hawali?"

"Nyuki ni wako, mimi nitajulia wapi?" Akashika njia ya kazini.

Nyumbani alikuwa amesema anaosha paneli za sola. Mwanzoni ilikuwa kweli. Kisha kampuni ikamvisha bomba la dawa ya magugu mgongoni, naye hakwenda kusahihisha maneno. Ovaroli aliifua hukohuko na kuiacha hukohuko. Wenzake walimwita Mvua.

Kabla ya paneli pale palikuwa kichaka, na kanga walikuwa wakitaga humo. Greda likaja likakwangua udongo mweusi wote wa juu. Sasa ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Maji yaliyotiririka kutoka kwenye paneli yalichimba mfereji chini ya kila safu, na ukifukua humo hukuti hata mnyoo. Maua yalikuwa yamebaki sehemu moja tu, kwenye safu ya mwisho kando ya seng'enge, ambako greda halikufika. Magugu ya maua ya manjano, yanavuma nyuki tangu jua linapochomoza. Safu hiyo alikuwa akiiruka, lakini upepo ulipeperusha dawa ya safu nyingine mpaka huko.

Leo msimamizi alikuwa amesimama hapo hapo, mikono kiunoni.

"Mvua, huku hukunyesha?"

"Mdomo wa bomba umeziba, bosi."

"Unaziba ukifika kwenye maua tu?"

Akaugeuza mdomo wa bomba, akaupuliza.

"Wageni wanafika saa sita. Nyasi zikikauka zikashika moto hapa, tutawaambia nini? Kwamba nyuki walituomba?"

"Nipe mpaka jioni. Jioni nyuki watakuwa wamerudi kwao."

"Mimi nina bosi, na bosi wangu ana bosi wake. Pulizia, au vua bomba."

Getini walikuwapo wanaume wamekaa juu ya mawe, wanasubiri mtu avue bomba. Aliwaona. Akavuta barakoa juu ya pua, akaanza kupampu.

Dawa ilitua juu ya maua ikametameta. Alitegemea nyuki wakimbie. Hawakukimbia. Waliinama, wakanywa.

Alipofika mwisho wa safu aliinua kichwa, akamwona mkewe ng'ambo ya seng'enge. Alikuwa ameamua kuwafuata nyuki aone wanakula wapi.

"Kumbe siafu wanavaa mabuti," mkewe alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mama watoto, ngoja nikueleze."

"Eleza."

Alishusha barakoa.

Msimamizi akaja mbio. "Mama, sogea hapo, usishike hayo majani. Hiyo ni sumu."

"Asante, baba," mkewe akamwambia. "Tangu nyuki waanze kufa, wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli."

Akageuka, akarudi alikotoka.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Chakula kilipikwa, kikapakuliwa. Aliomba msamaha, akajibiwa "sawa," na baada ya hapo kila alichouliza akajibiwa "sawa." Ilipobaki mizinga miwili hai, mkewe aliziba milango yake kwa matambara, kaka yake akaja na mkokoteni. Mkewe alisema anakwenda nayo kwao mpaka nyuki watulie. Watatulia lini, hakusema.

Mume alibaki na kazi yake. Mizinga ilikuwa minane. Miwili ilikwenda na mke. Sita ilibaki uani, na jioni moja aliifungua mmoja baada ya mwingine, kwa mikono mitupu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumuuma. Katika wa mwisho alikuta sega la asali, zito, limezibwa vizuri kwa nta. Akalitoa, akakaa nalo mapajani.

Hakujua kama linalika.