Kuku Huyu Anafundisha Nini?

Usiku wa jana niliota nimeshtakiwa kwa kumsifu kuku.

Kuku mwenyewe yupo kweli, yaani yupo kitabuni. Ni kitabu kipya cha picha na mimi ndiye niliyekihakiki gazetini. Kuku anavaa beseni jekundu kichwani, anazunguka mtaa mzima, anarudi nyumbani. Basi. Niliandika kwamba sijasoma kitabu bora cha watoto kama hiki mwaka huu, kwamba mpwa wangu Tunu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, na kwamba kuku huyu hana adabu na hiyo ndiyo raha yake.

Jana jioni mhariri wangu, Bwana Mkude, akanitumia ujumbe: "Dada Nasra, Mwalimu Mhando wa Kamati ya Vitabu amekasirika. Anasema umesifu kitabu kisicho na mafunzo. Asubuhi anakuja ofisini. Ukiomba radhi, watakibandikia ukurasa wa mafunzo, yaishe. Usipoomba, safu yako sina uhakika nayo."

Nikalala.

Nimesimama darasani. Madawati yamekaliwa na vitabu. Kwenye kiti cha mwalimu amekaa rula wa mbao, mrefu kama mlango, amevaa miwani ya Mwalimu Mhando. Pembeni yake yupo kifutio cha ubao, mama mtu mzima, amejifunga khanga.

"Mshtakiwa," anasema Rula, "hadithi ikiisha tunauliza nini?"

"Hadithi hii inatufundisha nini!" vitabu vinajibu kwa pamoja kabla yangu.

"Umesikia? Hata hawa wanajua."

Darasa linakuwa soko. Hakuna anayeshangaa. Mbele yetu kuna mizani ya viazi, na vitabu vinapanda kimoja kimoja.

"Tusidokoe nyama jikoni," kinasema cha kwanza. Mshale unaruka.

"Tuwaamkie wakubwa," kinasema cha pili. Mizani inalia.

Cha tatu kina mafunzo mazito kiasi kwamba kimeletwa na mkokoteni. Kinapewa makofi.

Kisha anapanda kuku, na beseni lake. Mshale hausogei.

"Wewe unafundisha nini?" Rula anamuuliza.

"Nimevaa beseni."

"Kwa nini?"

"Lilikuwepo."

Rula anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. "Mama yako hakukukataza?"

"Alisema limenipendeza."

"Basi tutakusaidia. Ukurasa wa mwisho, beseni litakuziba macho, utatumbukia shimoni. Ukitolewa, beseni utavuliwa, na utasema: 'Watoto wenzangu, tusichezee vyombo.' Mshtakiwa akiomba radhi tu, gundi iko tayari."

Kuku ananigeukia. "Dada, wakinivua hili ninabaki kuku tu. Kuku tu wamejaa kwenye vitabu vya kuhesabu. Wanapangwa mstari, wanahesabiwa, hakuna anayewauliza habari zao."

Ninasimama kumtetea. "Kitabu hiki kinachekesha," nasema. Neno linatoka mdomoni likiwa la chaki, linaning'inia hewani. Bi Kifutio anainuka, analifuta.

"Kinafurahisha." Anafuta.

"Kinachangamsha. Kinaburudisha. Kinasisimua. Kinakonga moyo."

Anafuta, anakohoa, khanga yote vumbi. "Mwanangu," ananiuliza kwa shida, "yamebaki mengi?"

"Ndiyo kwanza naanza, mama. Kiswahili hakijaniishia."

Bi Kifutio anaketi. "Mwenyekiti, samahani, mimi mgongo."

Rula anagonga meza kwa mwili wake mwenyewe. "Maneno si ushahidi! Shahidi yuko wapi?"

Soko linapata mlango. Unafunguliwa, na inaingia kwikwi ya Tunu. Ni ndogo, imevaa soksi moja. Inakaa juu ya debe la mchele.

"Ulitokea wapi?" Rula anauliza.

"Kwi."

"Anasema alitokea pale ninapopita mbele ya kinyozi," anatafsiri kuku.

"Na ulijifunza nini?"

"Kwi."

"Hakujifunza kitu," anasema kuku. "Alikuwa anacheka."

"Hiyo haiwezekani," anasema Rula. Anainama kumkagua shahidi, mdomo wazi. Kwikwi inaruka, inaingia.

Soko zima linamtazama. Hata viazi.

"Kamati hii," anasema Rula, "ina... kwi."

Kitabu cha kwanza kinaguna. Cha pili kinajizuia, kinashindwa. Kile cha mkokoteni kinacheka mpaka mafunzo yanakidondoka kama vifungo, na kinapomaliza kimekuwa chepesi, kinarukaruka.

"Omba radhi!" Rula ananiamuru. "Kwi! Upesi!"

Ninafungua mdomo kumjibu. Ninaamka.

Kumekucha na simu inaita. Ni Bwana Mkude.

"Dada Nasra, Mwalimu Mhando yuko hapa mbele yangu. Nimeweka spika, mwambie mwenyewe. Ila usimchoshe, ameamka vibaya. Nimempa maji, nimempa sukari, nimemshtua kwa nyuma kama mtoto. Haikatiki."

"Nini haikatiki?"

Bwana Mkude akaisogeza simu. Kisha, kwa mbali kidogo, nikaisikia. Niliitambua. Ilikuwa ndogo.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Mara... kwi... haba. Haya, binti. Nakusikiliza."

"Kuku abaki na beseni lake, Mwalimu. Siombi radhi."