Yule Mwenye Pengo Aondolewe

...na shauri la kwanza kwenye barua ya mhariri wa gazeti, limepigwa taipu kwa wino wa zambarau uliofifia, ni kwamba mwandishi au mchoraji atumie upande mmoja tu wa karatasi, upande wa pili ubaki mweupe, nami nimefanya hivyo miaka mitatu, pande za pili zote nyeupe, karatasi zinakwenda Dar es Salaam na kurudi, zinakwenda na kurudi, na mhariri hajawahi kunilaumu hata mara moja kwa upande wa pili... mstari wa posta hausogei, mbele yangu yuko bibi Aurelia wa Lipangalala na kifurushi chake cha mchele kilichoshonwa kwa merikani, anampelekea mwanawe aliye kwenye mashamba ya mkonge Kilosa, na Hermenegildi, karani wa posta, amekiweka kwenye mizani na mchele unadondoka kwenye kaunta, punje moja, punje mbili, "Bibi, kimeachia hapa kwenye kona, lori la barua halichukui kitu kinachomwagika," na bibi anasema, "Kimeachia wapi? Si wewe umekibinya!" lakini tayari ameshachomoa sindano kwenye kilemba, mwanamke anatembea na sindano na uzi wake kilembani, anaanza kushona palepale dirishani, nami nangoja na bahasha yangu, haraka sina, sisikii kitu. Miezi minne sasa sisikii kitu. Mguu ukifa ganzi unaupiga sakafuni, unarudi, lakini mtu mzima utampiga wapi... shauri la pili, wino mweusi, penseli haichapiki, shauri la tatu, usituandikie kila wiki kuuliza habari za kazi yako, la nne, usivunjike moyo, haba na haba hujaza kibaba, hivyo ndivyo anavyotuambia, mtu ambaye nina hakika hajapima mchele kwa kibaba tangu azaliwe, la tano, chora watu unaowajua, la sita, mchekeshaji asiwacheke wenye huzuni, na hapo chini, kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya mara tano zote alizonirudishia, Ndugu Raimundi, safari hii umetukaribia, picha yako ya mazishi ina mkono mzuri, tutaichapa toleo la Oktoba ikiwa utamwondoa yule mwanamke mwenye pengo anayecheka mbele ya jeneza, wasomaji wetu watadhani amelewa, wabaki wale wanaume wenye huzuni, turudishie picha zote mbili, ya zamani na mpya. Tutaichapa. Miaka mitatu nimelingoja neno hilo, na lilipofika nililisoma kama tangazo la minada ya ng'ombe, nikalikunja, nikaenda kufundisha jedwali la saba.

"Shikamoo bibi, naomba nikushikie hiyo kona," nasikia nikisema, maana adabu hubaki hata mtu akiisha, na yeye, "Marahaba, mwalimu, wewe shika tu, usivute," nashika... mwanamke gani, ndivyo nilivyojiuliza siku ile, mimi sikuchora mwanamke, nilimchora Theodori. Mhariri ni mtu wa mbali, pengine kwao watani hawaji msibani, sisi huku mtani asipokuja mazishi yanapwaya, na Theodori, ambaye ukoo wake na wetu wametaniana tangu kwa mababu, alikuja asubuhi ile Digna wangu akiwa ndani ya sanduku, akaingia jikoni kwangu bila hodi, akatoka amejifunga khanga ya Digna, ameshika mchi wa Digna, anatembea mwendo wa Digna, ule wa kutanguliza bega, akasimama mbele ya jeneza akanyoosha kidole, "Mwalimu! Umechora tena? Haya, chora na mchele basi, tupike! Chora na kambale!" na watu wakaangua kicheko, mashemeji, wanakwaya, hata mama mzazi wa Digna alicheka huku machozi yanamwagika, kwa sababu ndiye, ndiye kabisa, hivyo ndivyo alivyokuwa akinisema kila nilipokaa na wino wangu mezani moto ukizimika jikoni. Akajilaza njiani, sanduku lisipite. Hapo ndipo mfiwa hujibu, humrudishia mtani neno kali lenye kuchekesha, humpa kuku, njia inafunguka, kila mtu anajua. Mimi nilikaa. Walinitazama, nikawatazama. Nilikuwa naziona kucha za Theodori zina tope, nikafikiri, zina tope. Mwishoni shemeji yangu Kelestini ndiye aliyemtupia kuku, tukapita, na jioni Theodori alikuja akakaa kando yangu, ameshavua khanga, akasema polepole, "Hukunijibu, mtani wangu. Nimemcheza mkeo mpaka sauti imekauka, hukunijibu. Jibu langu liko kwako." Wiki mbili baadaye nikaketi nikamchora, nikadhani hilo ndilo jibu, Theodori na khanga na mchi mbele ya jeneza, nikaipeleka posta siku hiyohiyo bila kuitazama mara ya pili, kwa kuwa zamani aliyekuwa akiitazama mara ya pili ni Digna, hacheki mpaka aigeuze karatasi huku na huku, kisha analamba stempu mwenyewe, anasema huyo malkia aliye juu yake ana ladha ya uji uliolala... Na barua iliporudi na neno la pengo nikadhani tone la wino, au meno ya Theodori yameonekana vibaya machoni pa mzee wa mjini, nikaudhika kidogo, na kuudhika nako kulikuwa kitu, Jumapili baada ya misa nikachora nyingine, jeneza, wanaume sita, huzuni sita, katikati hapana mtu. Safi. Imekubalika kabla haijafika. Zote mbili nimezitia bahashani, inabaki kugundisha, nami sijagundisha, mkono mmoja umeshika kona ya mchele.

"Achia sasa, mwalimu," bibi anasema, naachia, na mkono ulioachiwa hauna kazi, unaingia bahashani wenyewe, unatoa ile ya zamani, nakagua tu, kama ninavyokagua madaftari, ni ile yenyewe, ndiyo... khanga, mchi, bega limetangulia. Theodori ana ndevu. Hapa hakuna ndevu. Theodori ana meno yote, makubwa, anayajua na anayaonyesha, na huyu hapa jino la mbele halipo, lile lililong'olewa na mchi akiwa msichana, na kiganja kimepanda kulificha na kimechelewa, kilichelewa siku zote, alikuwa anacheka kwanza ndipo anakumbuka. Sikumchora Theodori. Mkono ulinipita ukamchora yeye. Ameniangalia mwezi mzima toka ndani ya bahasha, anacheka mbele ya jeneza lake mwenyewe, yeye ambaye wiki ile ya mafuriko nilimshika ndani ya mtumbwi homa inamtetemesha, maji pande zote, tukienda hospitali, na alichosema mara ya mwisho akiwa na akili zake ni, "Mwalimu, karatasi zako umeziweka juu? Zisilowe." Nilisema nimeziweka. Nilikuwa nimeziweka kweli. Karatasi zilipona zote. Na mimi Jumapili, baada ya misa, kwa wino mweusi na mkono mzuri, nimemwondoa.

Oktoba. Jina langu chini ya picha, wanafunzi wataikata waibandike ukutani, kasisi atanipongeza, wanaume sita wenye huzuni. "Mwalimu, wewe una barua tu?" Hermenegildi anauliza juu ya kichwa cha bibi, "leta nikugongee muhuri huku tunamngoja, lori linaondoka sasa hivi," nasema, "Subiri, ndugu yangu," naitoa ile picha mpya, naiweka kifudifudi kwenye kaunta, upande wake wa pili mweupe kama nilivyoshauriwa, nafungua kalamu, naandika, Mheshimiwa Mhariri, huyo mwanamke hakulewa, ni mke wangu, anaitwa Digna, anacheka kwa sababu katuni hazipikiki, ukitaka mazishi yangu mchukue na yeye, hutaki, turudishe sote wawili, na wewe Theodori, jibu lako ndilo hili, wewe huna pengo, huwezi kumcheza vizuri kuliko mimi. Maneno ya mwisho yamejaa wino, nimekandamiza mno, nageuza karatasi, na wino umepenya hadi mbele, umetokeza pale katikati kati ya wanaume sita, pale pasipokuwa na mtu, haichapiki tena. Uso wangu umelowa, sijui tangu lini. Bibi Aurelia ananitazama, anakata uzi kwa meno, anakisukuma kifurushi, Hermenegildi anakirudisha kwenye mizani, "Bibi, bado," anasema, na kweli bado, mchele unadondoka kwenye kaunta, na nasikia kila punje.