Vifungio vya Tegan Maslin

Mwezi wa Agosti, ambao huku kwetu kusini mwa dunia ni katikati ya baridi, theluji ya mlimani ikiwa imekaza vizuri, Tegan Maslin aliingia karakanani kwangu na ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, begani, shavu moja limevimba. Natengeneza ski hapa Jindabyne mwaka wa ishirini na mbili sasa, na mashavu yaliyovimba nimeyaona ya kutosha. Sikumuuliza habari za shavu. Nilichukua ski nikaangalia vifungio, ile mitambo midogo inayoishika buti juu ya ski, mmoja mbele ya kidole na mwingine nyuma ya kisigino.

Tegan alikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi aliuza mikate mjini, mchana alipanda kwenye uwanja wa matuta, pale vijana wanaporuka hewani, wakijizungusha na kuteleza juu ya mabomba ya chuma. Alikuwa mwepesi, kilo hamsini na mbili pamoja na nguo, na kipaji alikuwa nacho; hata waliomwonea wivu walikubali. Lakini tangu msimu uanze, kila akitua, ski moja inachomoka na kwenda zake, naye anatangulia na uso. Wenzake wakaanza kumwita Mguu Mmoja. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akawa anapanda saa ambazo wao wameshuka.

Nyuma yake aliingia baba yake, Merv, mfuga kondoo wa upande wa Berridale, mtu mrefu anayechechemea kidogo, asiyejua pa kuweka mikono akiwa ndani ya nyumba. Nilimjua kwa sura tu. Ski hakuwahi kuvaa maishani mwake, na watu walisema mchezo wa binti yake aliuona upuuzi.

Tegan alinyoosha kidole ukutani, kwenye vifungio vya bei ya juu kuliko vyote, vya chuma kitupu, ambavyo springi yake inakazwa mpaka namba kumi na sita; namba ikipanda, buti inashikwa kwa nguvu zaidi. Wavulana wa timu ya jimbo walikuwa wanavaa hivyo hivyo. Yeye alikuwa na dola mia mbili na arobaini, na bei ilikuwa mara mbili ya hizo.

"Nitaongezea mimi," alisema Merv. "Nina tandiko la farasi ambalo silitumii tena."

Tegan alimgeukia. "Baba, usiuze tandiko."

"Ni langu." Akanigeukia mimi. "Dada, mteremshie hivyo. Kama ni kumshika, vimshike kisawasawa."

Sitajifanya mtakatifu. Wiki ile biashara ilikuwa imelala, na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kisanduku cha vifungio hivyo. Lakini mazoea ni mazoea, nikamwomba kwanza Tegan anipe buti zake. Nilipoibana buti kwenye vifungio vyake vya zamani, niliona mara moja kwamba kisigino hakijaegemewa na kitu. Palikuwa na mwanya. Nikamuuliza buti amezipata lini. Alisema ni mtumba, alizinunua mwezi wa Juni kwa msichana mmoja wa Cooma, kwa sababu zile za kwanza zilimbana. Soli ya hizi ilikuwa fupi kuliko ya zile kwa karibu sentimita nzima, na hakuna aliyesogeza kifungio cha nyuma kuifuata. Buti ilikuwa inacheza kama jino bovu. Hapo ndipo ski ilipokuwa inachomokea.

Nikaangalia namba ya springi. Ilikuwa tisa.

"Nani amekukazia hivi?"

"Mwenyewe," alisema. "Wenzangu walinishauri nikaze. Kila wiki nimekuwa nakaza kidogo."

Kwa mwili wake na buti zile, namba yake ilikuwa tano na nusu. Niliwaza wiki zote zile alivyoruka, goti lake likilindwa na bahati tu. Tena plastiki ya kifungio cha kisigino ilikuwa imepasuka, kwa hiyo vifungio vipya alivihitaji kweli. Ila si vile vya ukutani. Nikamwambia kwamba vile vinaanzia namba sita. Hata nikivilegeza mpaka mwisho, kwake vitakuwa pingu.

Merv alikunja uso. "Si ndiyo kazi yake, kushika?"

"Hiyo ni nusu ya kazi, bwana. Nusu nyingine ni kuachia. Mguu ukijisokota na ski ikakataa kutoka, kinachotoka ni goti."

Akaichukua ile buti, akaigeuzageuza mikononi. Aliposema tena, hakuwa anasema nami.

"Nilikuwa na miaka ishirini na tatu," alimwambia binti yake. "Tunahamisha ng'ombe karibu na Dalgety. Nilikuwa nimenunua buti mpya, pana, za kujionyesha. Farasi akajikwaa, mimi nikaanguka, buti ikabaki kwenye kikuku cha tandiko, kile cha kukanyagia. Alinikokota mpaka mtoni."

Tegan alimtazama ule mguu anaochechemea. "Uliniambia ulianguka kwenye lori."

"Mama yako hakutaka uwaogope farasi."

Hakuna aliyecheka. Tegan akamshika kiwiko kidogo, akakiachia, kisha akaniuliza nina nini kingine.

Nilikuwa na jozi moja ya msimu uliopita, iliyokataliwa na wateja kwa sababu ya rangi yake ya boga. Springi inaanzia tatu na kuishia kumi na moja, kwa hiyo namba ya Tegan ilikaa ndani bila kubanana. Sehemu ya mbele ilikuwa pana na imara wakati wa kutua, soli za buti zake ziliingia sawasawa, na breki zake, vile vyuma vya kuizuia ski iliyochomoka, zilipita ukingo wa ski kwa unene wa kidole tu, zisije zikakwama kwenye mabomba. Pamoja na kazi ya kuvifunga, alibakiwa na dola thelathini.

"Vinafanana na supu ya boga," alisema Tegan.

"Watakucheka siku mbili."

Nilivifunga karibu na katikati ya ski, kwa vile anapenda kutua kinyumenyume. Merv alisimama karibu nami mpaka skrubu ya mwisho, akiuliza kila moja ni ya nini.

Jumamosi nilifunga karakana mapema nikapanda kwenye uwanja wa matuta. Merv alikuwa ameegemea uzio, kofia yake ya shambani kichwani. Tegan aliruka mara ya kwanza, akatua na ski zote mbili. Mara ya pili vivyo hivyo. Ya tatu alijizungusha mara moja na nusu, mguu mmoja ukagusa chini kabla ya wakati, ukapinda. Ski zote mbili zikaruka pembeni, naye akateleza chali hadi chini ya mteremko. Merv alikuwa ameshavuka uzio.

Tegan aliinua mkono. Mvulana mmoja wa timu ya jimbo alimletea ski, akamuuliza kuhusu goti.

"Lipo," alijibu, akazivaa, akaenda tena kwenye foleni ya kupanda.

Merv alirudi polepole. Nikammiminia chai yangu ya chupa. Akauliza binti yake atarudia mara ngapi. Nikamwambia mpaka mashine za kupandisha watu zizimwe, saa kumi na nusu.

Alikunywa chai yote. Kisha akatoa simu, akampigia jirani yake amlishie mbwa, kwani angechelewa kurudi.