Mluzi Ndani ya Waya

Waya ulipiga mluzi na mashine ikiwa imezimwa. Mvuta waya alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Ulikuwa mluzi wa marehemu mumewe, wa kupanda na kushuka, ambao hakuupiga popote ila karakanani humu, akivuta chuma baridi kupitia tundu pana hadi tundu jembamba ili kiwe waya. Na ni humu waya uliokatika ulimomchapa shingoni, ukamuua.

"Dada, bado tu?" Mdogo wake, mchimba visima, alichungulia mlangoni. "Winchi inangoja waya. Leo lazima niteremke kisimani."

"Subiri."

"Nitasubiri mpaka niote mvi?"

Mvuta waya alichukua kipande cha chuma kilichobaki, akakigusisha kwenye jiwe la kunolea. Cheche ziliruka, zikapasuka matawi matawi. Chuma laini hutoa cheche chache zilizonyooka. Hiki kilikuwa na kaboni nyingi, inayokifanya chuma kiwe kigumu, naye alikivuta kama kile cha kila siku, bila kukirudisha tanuruni. Kila tundu lilizibana chembe zake za ndani, zikakazana hadi zikakosa pa kusogea. Alikunja ncha ya waya. Ikakatika papo hapo.

"Unarudi motoni huu," alisema.

"Mbona mgumu vizuri tu?"

"Ndiyo ubaya wake. Utakuachia ukiwa katikati ya shimo."

Kuna jambo hakumwambia. Motoni chembe zile zingezaliwa upya, zisikumbuke lolote lililozipata, hata mluzi ule. Alitega sikio, na mluzi ukaanza tena, karibu kabisa, wenye pumzi. Alimkumbuka mumewe. Alilia waziwazi mbele ya mdogo wake, kisha akausukuma waya tanuruni na kufunga mlango.

Asubuhi iliyofuata, ulipokwisha kupoa, aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Ukatii. Haukutoa sauti yoyote.

Mdogo wake alijitwika waya begani. "Kapumzike, dada. Umechoka."

Alikuwa ameshafika kwenye kona mluzi uliposikika, wa kupanda na kushuka.

"Nani kakufundisha huo?" mvuta waya alipaza sauti.

Mdogo wake aligeuka, amekunja uso. "Upi? Mimi tangu utotoni sijui kupiga mluzi, nawe unajua."

Alijua. Mluzi ulikuwa ukiendelea ndani ya waya, nje ya karakana, huku mdogo wake akizungumza. Mvuta waya alivua aproni, akaitundika, akamfuata kisimani.